Nusu Saa Niliyomnyima Nyambura

Nyumbani, Litein
Ijumaa, saa tisa alasiri

Kibet mwanangu,

Umeondoka saa saba kwenda Kericho kumuaga Madam Nyambura, na tangu ufunge lango sijakaa. Nimefua sweta ambazo zilikuwa safi. Nimefungua begi lako mara tatu kuhakikisha pasipoti imo, na mara zote tatu imo. Nimechemsha chai nikaiacha ikapoa. Sasa nimejilazimisha kukaa kwenye meza ya kulia, na laptop yako iko mbele yangu, imewashwa kama ulivyoiacha, feni yake inavuma.

Asubuhi nilikuuliza mbona inachemka na wewe uko jikoni unakunywa uji. Ulinijibu bila kugeuka, "Ni klasta tu, Mum. Haifanyi kitu. Nimesahau kuizima." Ukaendelea na uji wako. Hukuona kwamba niliiweka sufuria chini nikaiacha hapo.

Maneno hayo niliyasikia mara ya kwanza miaka minane iliyopita kutoka kwa mtu mwingine. Sikuyakubali, na kwa sababu sikuyakubali, mtu huyo alifukuzwa kazi. Ni huyo huyo uliyeenda kumuaga leo.

Sitakuandikia habari za kula vizuri huko Kigali, wala za kutafuta kanisa. Utakula, na kanisa utaliona. Lakini Jumatatu utaanza kuwa mkubwa wa watu wanne. Watakuita bosi, na neno lako litaweza kumpandisha mtu au kumtoa. Sijawahi kukwambia nilifanya nini nilipokuwa na nafasi kama hiyo. Huenda ulisikia vipande vipande. Ulikuwa bweni, kidato cha pili, na watu waliojua walinyamaza mbele yako kwa kuniheshimu. Waliniheshimu kuliko nilivyostahili.

Unakumbuka kwamba nilikuwa mkuu wa kompyuta katika chama chetu cha ushirika cha maziwa. Usichojua ni jinsi nilivyokiogopa hicho cheo. Niliingia pale kama karani wa kupiga chapa. Kompyuta zilipokuja mimi ndiye niliyeweza kuziwasha, basi nikawa mtu wa kompyuta, na miaka ikapita, nikapewa ofisi yenye jina langu mlangoni. Nilikuwa na cheti cha chuo kidogo cha Kericho na vitabu nilivyosoma mwenyewe mkiwa mmelala. Kila mara kitu kipya kilipoingia, nilihisi kwamba leo ndiyo siku watu watajua kwamba sijui.

Halafu chama kikamwajiri Nyambura. Alikuwa na miaka ishirini na saba, digrii yake mkononi, anaongea pole pole. Baba yake ndiye mwenye lile duka la vifaa vya ujenzi karibu na soko, mahali tuliponunua mabati ya jikoni. Watu wao walitoka Kenya ya kati zamani, lakini yeye alizaliwa hapa hapa Litein, na Kipsigis anaongea safi kuliko binamu zako wa Nairobi. Aliniita Madam. Aliniuliza ruhusa kwa kila jambo. Sikuwa na sababu ya kumwogopa, na nilimwogopa.

Wewe unayajua mambo haya kuliko mimi, lakini niache niyaeleze kwa maneno yangu, kwa sababu kosa langu lilianzia mahali ambapo sikuelewa. Mfumo wetu wa kupokea maziwa ulikuwa umezeeka. Nyambura akapendekeza tuuvunje vipande vidogo, kila kipande kikae ndani ya kontena lake na vifaa vyake vyote, kisha makontena hayo yasimamiwe kwa pamoja, likifa moja liinuliwe lingine. Huyo msimamizi na makontena yake ndiyo klasta. Kabla ya kuipeleka kwenye mitambo mikubwa ya kukodi, alisema, tuijaribu humu humu ofisini, kwenye laptop. Akaiweka kwenye laptop yangu kwa sababu ndiyo iliyokuwa na nguvu zaidi. Nilitikisa kichwa kama mtu anayeelewa.

Kitu kimoja tu nilichangia. Aliniuliza, "Madam, tuangalie kila baada ya muda gani kama huduma ziko hai?" Nikasema kila sekunde mbili. Akasema, kwa upole, kwamba hiyo ni mara nyingi sana kwa laptop. Nikamwambia, "Sitaki kusikia kitu kimekufa na sisi hatujui. Weka mbili." Akaweka mbili.

Mwezi wa nne Nyambura aliomba ruhusa ya wiki moja. Baba yake alikuwa amelazwa hospitali ya Longisa na hakukuwa na mwingine wa kukaa naye. Siku ya pili ya ruhusa hiyo nikafungua laptop asubuhi, nikaenda mkutanoni, nikarudi baada ya saa mbili nikakuta ni moto. Sijatia chumvi, Kibet. Ukiweka kiganja chini yake unakitoa. Feni ilisikika mpaka kwa mhasibu. Na mimi nilikuwa sijafungua hata barua pepe.

Nikatazama orodha ya kazi zinazoendelea. Kulikuwa na programu moja yenye jina nisilolijua inakula karibu nusu ya prosesa. Nusu, na hakuna mtu anayefanya kitu. Nikaifunga laptop, nikaiwasha upya, nikangoja. Dakika tano, programu imerudi, feni imeanza.

Siku hizo nilikuwa nimesoma habari za wezi wanaoficha programu ndani ya kompyuta za watu, zinachimba sarafu za mtandaoni usiku na mchana kwa umeme wa wengine. Dalili walizoandika ni hizo hizo: kompyuta inachemka, haina kazi. Neno la siri la laptop ile tulilijua watu wawili. Mmoja alikuwa mimi.

Ningeweza kumpigia simu. Simu yake ilikuwa wazi, alikuwa amekaa kwenye kiti cha wadi akimsubiri daktari, angenijibu kwa sentensi mbili. Nilichukua simu, nikatafuta jina lake, kisha nikafikiria jinsi swali langu litakavyosikika. Mkuu wa kompyuta anauliza kompyuta yake inafanya nini. Nikairudisha simu mezani, nikaenda kwa mwenyekiti.

Maneno niliyomwambia nayakumbuka yote. Nilisema, "Nadhani Nyambura ameweka kitu kwenye mashine." Nilisema nadhani. Kwa muda mrefu nilijificha nyuma ya neno hilo. Lakini mwenyekiti hakulisikia, na mimi nilijua hakulisikia, kwa sababu saa ile ile alimwambia katibu mbele yangu, "Mkuu wa kompyuta amethibitisha kuna wizi." Sikumrekebisha. Nilimwona amefurahi kwamba nimegundua jambo, na kusifiwa kulinipendeza.

Nyambura alipokuja kazini Jumatatu alikuta kamati imekaa, watu tisa. Mwenyekiti akawaambia wenzake kwa Kipsigis, akidhani yeye haelewi, kwamba hawa watu wa biashara hawawezi kukaa mahali bila kutafuta la kuchukua. Nyambura akamjibu kwa Kipsigis hicho hicho, bila kupandisha sauti, "Mzee, nimesikia. Mimi pia ni wa hapa." Niliangalia karatasi zangu.

Kisha akanigeukia mimi. "Madam, huo si wizi. Ni ile klasta. Inajiangalia yenyewe. Hata ikiwa haina kazi, haitulii."

Nikamwambia, "Mashine isiyo na kazi inapoa. Hata mtoto anajua."

"Si hii. Nipe nusu saa. Nitaizima mbele yenu, mtaona imepoa, niiwashe tena tupu, mtaona imechemka. Nusu saa tu, Madam."

Hakumwomba mwenyekiti. Aliniomba mimi. Na wote wakanitazama, kwa sababu nikisema ndiyo wangekaa. Nikafikiria: akiwa amesema kweli, nitakuwa nimeonekana mjinga mbele ya kamati nzima, tena nimeonyeshwa ujinga na msichana ninayemsimamia. Ilinichukua muda mfupi sana kuamua. Nikasema, "Mambo haya tumeyaangalia vya kutosha."

Alifukuzwa siku hiyo. Aliandikiwa kwamba amevunja uaminifu. Alikusanya vitu vyake kwenye mfuko wa madukani, kikombe, sweta, daftari mbili, akatoka kupitia mlango wa mbele mahali wakulima walipopanga foleni. Hakulia. Laiti angelia ningejisikia nimeshinda kitu.

Kabla ya mwezi kuisha habari ilikuwa sokoni. Haikubaki habari ya kompyuta. Ilikuwa "binti wa yule wa hardware ameiba chama." Watu ambao walinunua misumari kwa baba yake tangu ujana wao walianza kwenda kununua hadi Kapkatet. Unajua nchi hii yetu, unajua maneno ya aina hiyo yanaweza kufika wapi. Mimi nilijua pia. Niliwahi kuona yalikofika, majirani wakifukuzwa makwao.

Mwezi wa tano nikanunuliwa laptop mpya. Ile ya zamani ilifutwa yote, kwa amri yangu. Mfumo ulibaki nusu, na mimi sasa ndiye niliyetakiwa kuumaliza. Nikatafuta maelezo, nikayafuata mstari kwa mstari, kama mtu anayepika kwa kitabu. Ilikuwa saa nne asubuhi. Nikawasha klasta, tupu kabisa, haina hata kontena letu moja. Nikaenda kujaza maji kwenye birika. Nikarudi.

Feni ilikuwa inalia.

Nilisimama na birika mkononi. Laptop ilikuwa haijaguswa na mtu mwingine tangu itoke kwenye boksi. Nikaizima klasta. Baada ya dakika chache ikanyamaza. Nikaiwasha. Ikaanza. Kisha nikafanya kile ambacho sikutaka kufanya: nikachukua nakala ya mpangilio wetu iliyobaki kwenye flashi, ile ya sekunde mbili, nikaiweka ndani, makontena kumi na mawili, hakuna mkulima, hakuna maziwa, hakuna kazi. Ikavuma kama siku ile, na jina la programu iliyokula nusu ya prosesa lilikuwa lile lile. Mhasibu akachungulia mlangoni kuuliza kuna nini.

Siku nzima nilisoma. Watu wa kila pembe ya dunia walikuwa wanalalamikia jambo hilo hilo. Ukiweka klasta kwenye laptop, kwanza inajengewa kompyuta nzima ndani ya kompyuta, na hiyo ya ndani hailali. Halafu msimamizi anauliza kila mara, uko hapo, uko hapo, na jibu linaandikwa, na mwingine anasoma kilichoandikwa kuona kama kimebadilika. Juu ya hayo yote kuna ukaguzi ambao mtu mwenyewe ameuagiza. Ukiagiza kila sekunde mbili kwa makontena kumi na mawili, mashine haipati nafasi ya kupumua. Sehemu kubwa ya ule moto, Kibet, niliuagiza mimi kwa mdomo wangu, na aliyenionya ndiye niliyemfukuza kwa ajili yake.

Nikabadilisha sekunde mbili zikawa thelathini. Nikaipunguzia ile kompyuta ya ndani nguvu iliyokuwa imetengewa. Nikajifunza kuizima nisipoitumia, kama yeye alivyokuwa akiizima kabla hajaondoka haraka kwenda Longisa. Ikapoa. Nikapiga hesabu ya asubuhi ile. Kuanzia kuiwasha tupu mpaka kuujua ukweli, ilikuwa dakika ishirini na tano.

Ungedhani nilitoka ofisini nikakimbia mpaka dukani kwa baba yake. Sikukimbia. Nilifunga laptop nikaenda nyumbani. Sikumwambia mtu yeyote kwa miezi minne.

Hapo ndipo ninapotaka unisikilize zaidi. Kosa la kwanza nililifanya bila kujua, na lingeweza kusameheka. Hili la pili nililifanya kila asubuhi, nikijua, kwa siku zaidi ya mia. Kila siku nilikuwa na sababu. Kwamba mfumo ukamilike kwanza. Kwamba uchaguzi wa kamati upite. Kwamba labda ameshapata kazi nzuri zaidi na nitamtonesha kidonda bure.

Ulikuja likizo ya mwezi wa nane. Unakumbuka nilihamisha banda la kuku mara mbili? Unakumbuka nilikuwa naamka kabla ya ng'ombe, napalilia mahali palipopaliliwa jana, na wachumaji wa chai wakanicheka wakasema mama huyu anafukuzwa na nini? Uliniuliza siku moja, tukiwa tunapima majani kwenye kituo cha kununulia chai, "Mum, wewe na Daddy mko sawa?" Nikakwambia tuko sawa. Ilikuwa kweli. Ni mimi sikuwa sawa. Nilikuwa siwezi kula nikiwa nimekaa. Katikati ya ibada nilitoka nje kuangalia kama nimefunga gari, na siku hiyo tulikuwa tumekuja kwa gari la jirani.

Mwishowe nilimwambia baba yako. Tulikuwa shambani, kila mtu kwenye mstari wake, kikapu mgongoni. Nilisema yote kwa haraka. Aliendelea kuchuma, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, hata nikadhani hasikii. Kisha akasema, "Sasa mbona unaniambia mimi? Si mimi niliyefukuzwa kazi."

Nilikasirika. Nilitaka anihurumie. Lakini kesho yake nilivaa viatu vya kanisani nikaenda dukani.

Baba yake Nyambura alikuwa amepona ila amekonda. Alikuwa anapima waya kwa mkono, kutoka kidole mpaka bega, anamkatia mteja. Duka lilikuwa na mteja huyo mmoja. Alipomaliza akanitazama. "Mama Kibet. Umekuja kununua nini?" Nikasema namtafuta Nyambura. Akaukunja waya uliobaki, akasema, "Yuko Kericho. Anafundisha watoto kompyuta kwenye chumba cha juu, nyuma ya stendi. Nenda wakati hawapo watoto."

Nilimkuta anafuta ubao. Hakunikaribisha kiti wala hakunifukuza. Nilisema nimekosa, nilisema ile mashine alikuwa sahihi, nilisema naomba msamaha. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. Aliniuliza swali moja tu.

"Ulijua lini?"

"Mwezi wa tano."

Akatazama kalenda iliyokuwa ukutani. "Huu ni wa tisa."

"Ndiyo."

"Madam, mimi nilikusamehe lile la kwanza nikiwa bado kwenye ngazi za ofisi. Nilijua hujui, na nilijua unaogopa. Lakini miezi minne baba yangu amekuwa akifungua duka asubuhi na kulifunga jioni bila mtu kuingia, na wewe ulikuwa na maneno ya kumsaidia, umeyashika tu."

Akachukua kitambaa akaendelea kufuta ubao ambao ulikuwa tayari safi. Kisha akasema, "Ulinisema mbele ya watu tisa, na hao tisa wakasema mbele ya soko. Hapa tuko wawili. Haitoshi."

Basi mwezi wa kumi, mkutano mkuu wa wanachama ulipofika, niliomba dakika kumi kwenye ratiba. Mwenyekiti aliniuliza za nini. Nilipomwambia alisema mambo ya kiufundi hayana haja ya kuwachosha wakulima, na kwamba nikifungua mdomo nitajifungia mlango. Nikamwambia naelewa. Hiyo ndiyo mara ya kwanza nilikuwa naelewa kweli nilichosema naelewa.

Ukumbi ulijaa. Niliweka laptop kwenye meza ya mbele, nikawasha klasta tupu mbele yao, nikaweka kipaza sauti karibu na feni. Wakasikia ikianza. Nikawaambia hii mashine haina kazi yoyote, na inachemka, na hakuna mwizi ndani yake. Nikawaambia Nyambura alituomba nusu saa atuonyeshe hiki, mimi nikakataa. Nikawaambia ukaguzi uliozidi niliuagiza mimi. Mguu mmoja ulikuwa unagonga sakafu peke yake, sikuweza kuuzuia.

Mama mmoja mzee, mwanachama wa tangu chama kinaanza, akasimama akiegemea fimbo. "Kwa hivyo yule msichana alisema ukweli?"

"Alisema ukweli, Kogo," nikamjibu bibi huyo.

"Na wewe ulijua lini?"

Mwenyekiti akataka kuingilia. Yule mama akamwinulia kiganja.

"Nilijua mwezi wa tano," nikasema.

Ukumbi ukaguna. Sauti ile ninaisikia mpaka leo. Nilimwona Nyambura amesimama nyuma kabisa, karibu na mlango, na baba yake pembeni yake amevua kofia. Kabla sijamaliza walikuwa wametoka.

Wewe uliambiwa niliacha ukuu kwa sababu ya presha. Presha ilikuwepo, lakini siyo iliyoniondoa. Kamati ilinishusha nikarudi mapokezi, na niliona ni haki. Walimwandikia Nyambura barua ya kufuta ile ya kwanza, wakamwita arudi. Hakurudi. Aliwajibu kwa mstari mmoja kwamba amepata wanafunzi. Watu walirudi dukani kwa baba yake, si wote. Wengine walikuwa wameshazoea njia ya Kapkatet. Hilo sikuweza kulitengeneza, wala sitaweza.

Mimi alinitumia ujumbe wa neno moja: "Nimesikia."

Ulipomaliza kidato cha nne ukaanza kunisumbua kuhusu kompyuta. Niliuliza huku na kule, na kila mtu alinitajia mwalimu mmoja. Niliahirisha mwezi mzima. Siku niliyokupeleka, ulibaki chini ukinunua mahindi ya kuchoma, mimi nikapanda ngazi kwanza. Alikutazama kupitia dirishani.

"Yule ni wako?"

"Ni wangu."

"Anajua?"

"Hajui."

Akafikiria. Nilikuwa tayari kushuka nikwambie nafasi zimejaa. Akasema, "Mlete. Nitamfundisha kama wengine. Lakini hiyo habari mimi sitamwambia. Hiyo ni kazi yako, Madam."

Alikufundisha miaka miwili. Ulikuwa unarudi nyumbani unasema Madam Nyambura amesema hivi, Madam Nyambura ameonyesha vile, na kwamba kila mwanafunzi akisema kitu kimeharibika, yeye huvuta kiti na kusema, "Haya, nionyeshe." Ulimuiga mpaka sauti. Baba yako alikuwa ananitazama juu ya sahani, na mimi nilikuwa nainuka kwenda kuongeza chumvi kwenye chakula chenye chumvi.

Sasa unaona. Ile kazi aliyonipa nimeishika miaka sita. Nilikaa nayo kimya vile vile nilivyokaa na ile miezi minne, na sababu zangu zilikuwa nzuri vile vile. Kwamba usome kwanza. Kwamba uchukue digrii kwanza. Leo asubuhi nilipokusikia na uji wako, niligundua kwamba sababu inayofuata ingekuwa kwamba umeshaondoka.

Huko unakoenda, mmoja wa wale wanne siku moja atakwambia jambo usilolielewa, mbele ya watu. Utasikia joto shingoni. Sijui utafanya nini. Mimi nakueleza tu lilinigharimu nini, na lilimgharimu nini yeye, na kwamba ya kwake ni mengi kuliko yangu.

Nilikuwa nimepanga kuiweka barua hii ndani ya begi, chini ya mashati, uikute ukiwa umefika. Nilikuwa nimeshaikunja. Lakini ukiisomea Kigali utakuwa peke yako, na mimi nitakuwa salama huku, na kufikia siku utakayopiga simu utakuwa umeshatafuta maneno ya upole. Sitaki ya upole. Kwa hiyo ukirudi nitakupa mkononi kabla hujavua koti. Utaisoma hapa mezani, na mimi nitakuwa kwenye kiti cha mbele yako. Ukitaka kuniuliza, uliza. Ukitaka kunyamaza, nyamaza. Sitaenda jikoni.

Mama yako